Tusiwape vijana kasi ya umeme bila kuwafunza breki

Wako watu katika nchi hii ambao wakisikia baiskeli ya umeme ikitajwa huangua kicheko. Husema baiskeli ni baiskeli, na atakaye mota na anunue pikipiki. Mimi sicheki. Kwa muda wa miaka miwili sasa nimekuwa nikiendesha chombo cha namna hiyo kutoka Buruburu hadi katikati ya jiji la Nairobi na kurudi, kiangazi na masika, na nisemayo leo si ya kusimuliwa. Kinachonikera si kuwapo kwa baiskeli hizi. Kinachonikera ni kwamba tunawakabidhi vijana wetu kasi ambayo miguu yao haikuitolea jasho, kisha tunawaachilia katika barabara zenye mashimo, matope na matatu, bila kuwaambia hata neno moja.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Baiskeli ya umeme si pikipiki iliyodumaa. Ina pedali na mnyororo kama ile Black Mamba iliyowasomesha wengi wetu, ila imeongezewa mota ndogo, ama ndani ya kitovu cha gurudumu, ama pale pedali zinapozungukia, na betri ya kuitia nguvu. Wala si uvumbuzi wa jana. Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota kwenye gurudumu la nyuma mwaka 1895, mwaka mmoja kabla ya reli ya Mombasa kuanza kutandikwa. Na kampuni ya Yamaha ya Japani ilipoanza kuuza baiskeli ya kumsaidia mkanyagaji kwa umeme, mwaka 1993, vijana wa Busia walikuwa wangali wakiwavusha abiria mpakani kwa nguvu za mapaja yao, wakinadi "boda, boda" hadi jina hilo likaenea Afrika Mashariki nzima.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya aina hii hairuhusiwi kuwa na mota ya zaidi ya wati 250, na sharti mota hiyo iache kusaidia pindi mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Ukipita hapo, ni miguu yako. Huku kwetu nimeziona mitaani baiskeli zenye kidude cha kusokota mkononi kama cha pikipiki, zikipita kilomita 40 kwa saa huku mwendeshaji ametulia kama abiria, pedali hazigusi. Kichwani hana kitu isipokuwa kofia ya kitambaa.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu haimpendelei mtu. Mtu anayekanyaga baiskeli ya kawaida barabarani mwetu huenda kama kilomita 12 kwa saa. Ghafla mtoto akikatiza mbele yake, muda wa kushtuka na kufikisha vidole kwenye breki ni kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo atakuwa amekwenda mita tatu na ushei. Yule wa kilomita 25 atakuwa amekwenda mita saba kabla breki haijaguswa, na yule wa kilomita 40 atakuwa amekula mita 11. Hapo ndipo breki zinapoanza kazi. Kwenye lami kavu, yule wa 25 atahitaji mita nyingine tano hivi. Lami ikilowa, zihesabu kuwa kumi. Yule wa 40 kwenye lami iliyolowa atakuwa bado anateleza mtoto yule akiwa amekwisha kugongwa zamani. Aidha, nguvu ya kishindo haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, kishindo huzidi mara nne. Na tusisahau kwamba baiskeli yenyewe, pamoja na mota na betri yake, aghalabu ina uzito wa kilo 20 hadi 30, kabla hujapakia mkate, gesi au abiria.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi niliyoiona haimo katika hesabu hizi. Imo katika macho ya wenzetu. Dereva wa matatu anapotazama kwenye kioo chake akaona baiskeli, akili yake humwambia hiyo ni baiskeli tu, itachelewa kufika. Basi huingia kituoni kwa kujikunja mbele yako, akiamini ana nafasi ya kutosha. Wewe nawe unakuja kwa mwendo maradufu ya ule aliokukadiria. Mwenye miguu naye anavuka kwa masikio. Hajasikia mlio wa injini, basi anaingia barabarani akiwa ameinamia simu. Umbo la chombo hiki linasema polepole, na hakitoi sauti ya kulikanusha umbo hilo. Kwa hiyo mimi huendesha kama mtu asiyeonekana. Nikiikaribia matatu iliyosimama, hupunguza mwendo hadi ule wa Black Mamba, nikaacha mita nzima kati yangu na mlango, kwa sababu abiria wa Jogoo Road hashuki, huruka. Kengele naipiga mapema, si wakati nimekwisha kumfikia mtu. Na kamwe siingii ubavuni mwa lori linalojiandaa kukata kushoto, hata kama kuna nafasi ya kupita ngamia. Dereva wa lori hana jicho upande huo.

Sasa nije kwenye mvua, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Watu wengi hudhani hatari huanza mvua inapokolea. Sivyo. Dakika chache za mwanzo, hasa baada ya kiangazi kirefu, ndizo mbaya kuliko zote. Mafuta yaliyodondoka kutoka kwa magari kwa majuma mengi, pamoja na vumbi, huchanganyika na matone ya kwanza yakawa kama sabuni iliyomwagwa sakafuni. Mvua ikishanyesha sana huyaosha hayo. Kwa sababu hiyo, mawingu yanapopasuka mimi husimama chini ya kibanda, nikanunua chai, nikaiacha mvua ifue barabara. Anayeweza kungoja robo saa na angoje. Asiyeweza na aikwepe mistari iliyopakwa rangi, vifuniko vya chuma vya mitaro ya maji taka, na zile reli zinazokatiza barabara za Eneo la Viwandani. Reli iliyolowa huvukwa kwa kuikabili uso kwa uso, gurudumu likiikata kama msalaba. Ukiivuka kwa mshazari, itakunyang'anya gurudumu la mbele, na hutapata hata nafasi ya kutaja jina la mama yako.

Dimbwi nalo lina hila zake. Maji yaliyotulia hayasemi kama yamefunika kina cha sentimita mbili au shimo la kumeza gurudumu. Aprili iliyopita nilimshuhudia kijana akiwa hatua ishirini mbele yangu, kifurushi cha chakula mgongoni, akilivamia dimbwi kwa kasi kama alivyoyavamia mengine kumi kabla ya hilo. Hilo la kumi na moja halikuwa na sakafu. Alipaa juu ya usukani. Tulipomwinua, jambo la kwanza aliloulizia halikuwa mkono wake uliovunjika, bali kama chakula cha mteja kimemwagika. Nimelitafakari swali lile mara nyingi, na nitalirudia.

Katika mvua, mota yenyewe hugeuka kuwa adui wa mtu asiyeielewa. Zipo baiskeli ambazo mota yake husikiliza tu kama pedali zinazunguka. Ukiacha kukanyaga, huendelea kusukuma kwa kitambo kidogo kabla ya kutambua. Kitambo hicho, ukiwa katikati ya kona yenye utelezi, kinatosha kukulaza chini. Zipo nyingine ambazo hupima nguvu ya mguu na kusaidia kwa kadiri hiyo hiyo, nazo ni pole zaidi, ila bei yake si ya mlalahoi. Na zipo zenye mota katika gurudumu la mbele. Hizo kwenye matope huweza kulizungusha gurudumu patupu, na gurudumu la mbele likishateleza hakuna ufundi wa kukuokoa. Yeyote kati yetu, bila kujali aina ya chombo chake, na aushushe msaada wa umeme hadi ngazi ya chini kabisa mvua inaponyesha. Apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Abane breki zote mbili kwa pamoja na kwa upole, ya nyuma ikitangulia kidogo. Na akitumia breki zile za mpira unaobana rimu, ajue kwamba mpira uliolowa haushiki mara moja, hupangusa maji kwanza ndipo ushike. Breki za diski ni afadhali mno.

Fundi mmoja wa Gikomba, ambaye mikono yake imezoea baiskeli tangu enzi za dinamo, alinifunza jambo ambalo muuzaji hakunitajia. "Mzee," aliniambia, "vidole vyako vikibana breki, mota inafaa ikatike papo hapo. Kuna kiswichi kidogo ndani ya mkono wa breki. Kikiliwa na kutu, utakuwa unafunga na mota inasukuma." Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kupanda hulinyanyua gurudumu lenye mota, nikaiwasha izunguke, kisha nikagusa breki nione kama inakatika. Ni kazi ya nusu dakika. Alinishauri pia nipunguze upepo wa tairi kidogo msimu wa mvua ili mpira uishike lami kwa upana zaidi, lakini nisipunguze hadi rimu ikagonga kwenye mashimo.

Wakazi wa kwetu Magharibi wana janga lao ambalo wakazi wa jiji hawalijui. Pale Mumias na viunga vyake, trekta la miwa hutoka shambani na matope tele kwenye magurudumu yake, likayaacha juu ya lami kwa umbali mrefu. Mvua ikiyalowesha, lami njema hugeuka kuwa uwanja wa kuteleza. Isitoshe, mabua ya miwa huanguka njiani, na jioni utalikuta trekta limeharibika katikati ya barabara bila taa wala hata tawi la mti la kukutahadharisha. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta hatuna machweo marefu. Jua likizama, giza huingia kama pazia lililokatwa kamba. Mwendeshaji anayetoka kazini saa kumi na mbili na nusu na awashe taa kabla hajaihitaji, ya mbele nyeupe na ya nyuma nyekundu, kwa sababu taa si ya kuona tu, ni ya kuonekana.

Kuhusu mafuriko sitakuwa na maneno mengi, kwa maana yaliyotokea yanatosha. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya na jamaa wakielekea arusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, kule Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa maji. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliangamiza takriban watu 300 nchini, wakiwemo wakazi wa mabonde ya mito papa hapa Nairobi. Maji yanayokwenda kasi, yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake miwili. Sembuse aliye juu ya magurudumu mawili membamba! Yeyote anayekuambia kwamba mota ina nguvu ya kukuvusha, mwulize mota hiyo itashikilia nini wakati tairi haigusi chini.

Maji na betri ni jambo jingine. Nimesikia watu wakiogopa kwamba baiskeli hizi zitawarusha kwa umeme wakinyeshewa. Baiskeli iliyotengenezwa sawasawa haina tatizo na mvua ya kawaida. Lakini kunyeshewa si kuzamishwa. Betri ikizama majini, au ikianguka vibaya hadi ganda likapasuka, isichajiwe tena mpaka fundi anayeielewa aitazame. Betri hizi za lithiamu zikiharibika ndani huweza kuwaka zenyewe, wakati mwingine saa kadhaa baadaye, na moto wake ni wa ghafla, wenye moshi wa sumu, wala ndoo moja ya maji haiuzimi. Jijini New York, mwaka 2023 peke yake, watu 18 walikufa katika mioto iliyosababishwa na betri za jamii hii.

Nawaomba wasomaji wanaoishi katika chumba kimoja, nao ni wengi katika mitaa yetu, walitazame jambo hili kwa makini. Kwa kuogopa wezi, mtu huiingiza baiskeli ndani usiku, akaiegemeza mlangoni kwa sababu hakuna pengine, akachomeka chaja na kulala na wanawe. Ikiwaka, moto umeuziba mlango wa pekee wa nyumba hiyo. Basi betri na ichajiwe mtu akiwa macho, mbali na kitanda na mlango, kwa chaja iliyokuja nayo, si ya kuazima kwa jirani kwa kuwa tu kichwa chake kinaingia. Ikilowa, ipanguswe na kuachwa ikauke kwanza. Ikianza kuvimba, kutoa harufu au kuchemka, watu watoke nje na wasirudi kuokoa godoro.

Baada ya kusema hayo yote, kuna atakayeniuliza: kwani kosa ni la mwendeshaji pekee? La hasha! Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia mota, yaani wa miguu na baiskeli. Ni jambo jema. Lakini nenda ukatazame vijia vilivyopo. Utakuta kimoja kimegeuzwa duka la viatu, cha pili kituo cha bodaboda, na cha tatu kinaishia ghafla kwenye mtaro kana kwamba mwenda baiskeli anatarajiwa kuota mbawa. Na baiskeli ya umeme yenyewe iko wapi katika mpango huo, iwapo ina pedali na pia ina mota? Ikiwekwa na wenda miguu itawagonga. Ikitupwa katikati ya malori itapondwa. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilizifungia nje baiskeli na pikipiki, na sina ugomvi na hilo, bali wale waliobaki chini nao ni walipa kodi. Kila mwaka barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000, na fungu kubwa ni wenda miguu na waendeshaji wa magurudumu mawili. Nashauri mstari uchorwe waziwazi: chombo kisichozidi kilomita 25 kwa saa kihesabiwe kuwa baiskeli na kipewe kijia chake, na kinachozidi hapo kihesabiwe kuwa pikipiki, pamoja na leseni, bima na helmeti yake.

Sasa nilirudie swali la yule kijana aliyevunjika mkono. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayepeleka vyakula majumbani kwa baiskeli ya umeme aliyokodishiwa na tajiri wake. Hulipwa kwa kila safari. Dada yangu alinijia nyumbani akiwa na machozi, akaniambia, "Kaka, wewe anakusikiliza. Mkataze." Nilimwita kijana. Nikamweleza haya yote niliyoyaandika hapa, naye akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, mikono kifuani. Kisha akasema, "Mjomba, yote uliyoyasema ni kweli. Lakini mvua ndiyo wakati watu wanaagiza chakula. Nikijikinga kibandani hiyo robo saa yako, oda anapewa mwingine. Nikifika nimechelewa, nakatwa."

Nilikosa la kumjibu, na sikumkataza. Mama yake ana wengine watatu wanaosoma, na pesa za kijana huyu ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Nilimnunulia helmeti na koti lenye mikanda ya kuakisi mwanga, tukaenda pamoja Gikomba kubadilisha tairi zilizokuwa upara. Lakini nafahamu vyema kwamba helmeti haiwezi kubishana na saa ya tajiri. Mtu anayelipwa kwa safari, na kukatwa kwa kuchelewa, ameambiwa kwa lugha ya shilingi kwamba asipunguze mwendo kwenye kona. Tunaweza kumhubiria breki usiku kucha. Saa inayompima itamhubiria kinyume chake mchana kutwa.

Kwa hiyo nawauliza wenye biashara hizi, ambao wengi wao huketi nyuma ya dirisha wakiitazama mvua: mtapungukiwa na nini mkiongeza nusu saa kwa kila oda mvua inaponyesha, na mkaacha kumkata anayechelewa? Mteja ataelewa, kwa sababu naye ameagiza akiwa ndani kwa kuogopa mvua hiyo hiyo. Na mtapungukiwa na nini mkimpa kila kijana siku moja ya mafunzo kwenye uwanja uliomwagiwa maji, afunge breki na kuteleza mahali pasipo na lori, kabla hamjampeleka Mombasa Road?

Mpwa wangu alilipeleka jambo hili la nusu saa kwa tajiri wake juma lililopita, pamoja na wenzake saba. Waliambiwa litaangaliwa kabla ya mvua za Machi. Nimemshauri arudi akamwombe aliandike na kulitia sahihi.